Joto Hukaa Wapi? Misemo ya Kireno Kuhusu Hari na Funzo Lake kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa lugha ya kigeni hujifunza kwanza kusalimu, kisha hujifunza kulalamikia hali ya hewa. Salamu humfungulia mlango. Malalamiko kuhusu joto, mvua au baridi humkaribisha barazani na kumpa kigoda. Mazungumzo ya aina hii huonekana mepesi, kwa kuwa hayahitaji elimu wala hayamkosei mtu heshima. Hata hivyo, wepesi huo ni wa juujuu tu. Chini yake mna sarufi, historia na mazoea ya jamii nzima.

Makala hii inanuia kumwelekeza mwanafunzi wa Kiswahili katika misemo ambayo wasemaji wa Kireno huitumia kila siku kuzungumzia joto. Haikusudii kufundisha Kireno kizima. Inakusudia kuithibitisha hoja moja: kwamba Kireno na Kiswahili hutofautiana kuhusu mahali joto linapokaa katika sentensi, na kwamba mwenye kuipuuza tofauti hiyo anaweza kutafsiri kila neno sawasawa na bado akaupotosha ujumbe.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini Kireno? Sababu ni mbili. Ya kwanza ni ya kihistoria. Tangu Vasco da Gama alipofika Mombasa na Malindi mwaka wa 1498 hadi Ngome ya Yesu ilipotekwa na Waomani mwaka wa 1698, Wareno walikuwa na mkono katika shughuli za pwani yetu. Waliacha maneno machache lakini yenye maisha marefu: meza, leso, bendera, mvinyo na kopo ni baadhi yake. Miongoni mwa maneno hayo limo moja linalohusu mada yetu moja kwa moja, nalo ni shumburere, kofia pana ya kujikinga na jua, litokanalo na sombreiro la Kireno. Ndani ya neno hilo mna sombra, yaani kivuli. Pwani haikuhitaji kuazima neno la kutajia joto, maana joto ilikuwa nalo tele. Iliazima jina la kivuli cha kubebwa kichwani.

Sababu ya pili ni ya leo. Mwezi wa Agosti 2019, Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika ilikiidhinisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Mwezi wa Februari 2022, Umoja wa Afrika nao ulikifanya Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi, na Kireno kilikuwa tayari miongoni mwa lugha za Umoja huo. Aidha, kaskazini mwa Msumbiji, katika mkoa wa Cabo Delgado, lugha hizi mbili hukutana sokoni na hospitalini kila siku. Mhitimu wa Kiswahili anayetaka kuwa mkalimani hana budi kujua kwamba soko lake halikomei kwenye Kiingereza.

2.0 Joto la Wapi na la Lini?

Kabla ya kuiingia misemo yenyewe, inafaa tukumbuke kwamba Kireno si lugha ya mahali pamoja. Huzungumzwa Ureno, Brazili, Angola, Msumbiji, Guinea-Bissau, Cabo Verde na São Tomé e Príncipe, miongoni mwa nchi nyingine. Neno verão, ambalo kamusi hulieleza kuwa ni majira ya joto, humaanisha Juni hadi Septemba kwa mtu wa Lisbon, lakini kwa mtu wa Rio de Janeiro au Maputo huwa ni Desemba hadi Machi. Mwanafunzi wa Mombasa atamwelewa upesi yule wa Maputo, kwa sababu miezi hiyo ndiyo ya kaskazi, wakati upwa wetu nao unapofukuta. Mtu wa Luanda, kwa upande wake, hutaja cacimbo, majira makavu yenye ubaridi na ukungu ambayo huanza takriban mwezi wa Mei, kama muda wa kupumzika na joto.

Joto lenyewe halichezewi. Huko Amareleja, katika eneo la Alentejo kusini mwa Ureno, kipimajoto kilizidi digrii 47 tarehe 1 Agosti 2003. Huko Araçuaí, katika jimbo la Minas Gerais nchini Brazili, kilifika digrii 44.8 tarehe 19 Novemba 2023. Wasemaji wa Kireno wanapotaja viwango kama hivi huongeza maneno à sombra, yaani kivulini: quarenta graus à sombra, digrii arubaini kivulini. Nyongeza hiyo ina maana. Msemaji anamwambia mwenzake: ikiwa kivulini ni hivi, juani je?

3.0 Sarufi ya Joto: Vikao Vitatu

Kireno kina maneno mawili ya msingi katika uwanja huu. Calor ni nomino, nayo humaanisha joto. Quente ni kivumishi, nacho humaanisha -enye joto au -a moto. Makosa mengi ya wanaoanza hutokana na kuyachanganya maneno haya mawili. Ili kurahisisha mambo, tuseme kwamba katika Kireno joto lina vikao vitatu.

3.1 Kikao cha kwanza: hewani

Joto likiwa la mazingira, Kireno hutumia kitenzi kisicho na mtenda pamoja na nomino calor:

(a) Está calor. Kuna joto.
(b) Faz calor. Kuna joto. (Muundo huu husikika sana Brazili.)
(c) Está muito calor. Kuna joto jingi.
(d) Que calor! Joto gani hili!

Katika (a) na (b) hakuna anayetenda. Vitenzi está na faz vimesimama peke yao, kana kwamba dunia yenyewe ndiyo inayosemwa. Kiswahili hakiwezi kuacha kitenzi bila kiambishi cha upatanisho, kwa hiyo hukimbilia ngeli ya mahali: ku-na joto, yaani mahali fulani pasipo mipaka pana joto. Pia inaruhusiwa kusema o dia está quente, siku ina joto, kwa kuwa hapo siku imetajwa na kivumishi kimepata cha kusifu.

3.2 Kikao cha pili: ndani ya mtu anayehisi

Mtu akitaka kusema kwamba joto linamsumbua, husema:

(e) Estou com calor. Nasikia joto.
(f) Tenho calor. Nasikia joto. (Husikika zaidi Ureno.)

Kwa neno moja moja, sentensi (e) ni "niko pamoja na joto" na (f) ni "nina joto". Kiswahili hakisemi hivyo. Sisi husikia joto, husikia baridi, husikia njaa, kama kwamba joto ni sauti inayotufikia kutoka nje. Baadhi yetu huona joto na kuona baridi. Mreno huwa nalo au hulishika kama mzigo. Mswahili hulipokea kupitia hisi zake.

3.3 Kikao cha tatu: katika kitu kinachogusika

Joto likiwa la kitu ambacho mkono unaweza kukigusa, Kireno hutumia quente pamoja na kitenzi estar:

(g) O chá está quente. Chai ni moto.
(h) A areia está quente. Mchanga una joto.
(i) O menino está quente. Mtoto ana joto.

Hapa quente hubeba kazi ambayo Kiswahili kimewagawia joto na moto. Zingatia pia kitenzi ser, ambacho hutaja hali ya kudumu: Tete é quente, mji wa Tete (ule ulio kando ya Mto Zambezi nchini Msumbiji) ni mahali pa joto. Mwanafunzi ajihadhari asiseme sou quente wala estou quente anapotaka tu kusema kwamba hari imemzidi. Sentensi hizo huweza kufasiriwa kuwa anazungumzia homa, au, vibaya zaidi, kuwa anatangaza ashiki zake mbele ya watu asiowajua.

4.0 Mtego wa Tafsiri Sahihi

Sasa na tuzilinganishe (e) na (i). Kihusishi com humaanisha "pamoja na". Nacho kiungo -na katika "nina", "una" na "ana" ni kilekile cha "pamoja na". Kwa hivyo, kimuundo, está com calor na "ana joto" ni mapacha. Hakuna tafsiri ya neno kwa neno iliyo karibu zaidi ya hiyo, na hapo ndipo palipo na mtego.

Tuchukulie mfano. Mama mmoja, msemaji wa Kiswahili, amempeleka mwanawe katika zahanati ambayo muuguzi wake anazungumza Kireno tu. Mama anasema: "Mtoto ana joto tangu jana usiku." Mkalimani asiye na uzoefu anatafsiri: O menino está com calor desde ontem à noite. Kila neno liko mahali pake, na sarufi haina kasoro. Lakini alichosikia muuguzi ni kwamba mtoto anasumbuliwa na hari ya chumbani. Atashauri mtoto apunguziwe nguo, afunguliwe dirisha na apewe maji. Alichokusudia mama ni kwamba akimgusa mwanawe paji la uso, mkono wake unaungua. Katika nchi zenye malaria, umbali kati ya maana hizo mbili si wa kisarufi tena.

Tafsiri ifaayo ni O menino está quente desde ontem à noite. Baadhi wataona ni bora kusema moja kwa moja está com febre, ana homa. Maoni ya makala hii ni kwamba mkalimani asifanye haraka. Mama hakutaja homa. Alitaja alichokihisi kwa kiganja chake. Kuamua kama ni homa ni kazi ya muuguzi na kipimajoto chake. Isitoshe, neno "homa" katika mazungumzo ya kawaida nchini Kenya hutumiwa hata kwa mafua, ilhali febre hutaja kupanda kwa joto la mwili tu.

Kinyume chake pia ni kweli. Mgonjwa Mreno akisema estou com muito calor, tusimtafsirie "nina joto kali", bali "nasikia joto sana". Vilevile, wanawake wa Brazili waliofikia umri wa kukoma hedhi hutaja calorões, mawimbi ya joto la ghafla mwilini, ambayo Ureno huitwa afrontamentos. Mkalimani asiyelijua neno hilo anaweza kudhani mama wa watu analalamikia jua.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: Kiswahili kinaposema "anasikia joto", Kireno husema está com calor, Kiswahili kinaposema "ana joto" kwa maana ya mwili kuwa moto, Kireno husema está quente.

5.0 Aina za Joto

Lugha zote mbili hazitosheki na neno moja. Kiswahili kina joto, hari, fukuto na vuguvugu. Kireno nacho kina akiba yake:

Abafado: hali ya hewa nzito isiyo na upepo. Kitenzi abafar humaanisha kufunika au kusonga pumzi. Está abafado inalingana vyema na "kuna fukuto".

Bafo: kwa asili ni pumzi itokayo kinywani. Está um bafo! husemwa mtu anapofungua mlango na kupigwa usoni na hewa ya moto.

Mormaço: neno litumiwalo sana Brazili kutaja joto la siku yenye mawingu, jua lisipoonekana lakini likiunguza.

Suão: upepo mkavu wa joto uvumao kutoka kusini, unaojulikana sana na wakulima wa Alentejo.

Canícula: kipindi cha joto kali zaidi cha majira. Neno hili limetokana na Kilatini, nalo lilimaanisha mbwa jike mdogo. Warumi waliipa jina hilo nyota ya Sirius, ambayo kuchomoza kwake pamoja na jua kuliangukia siku za joto kali.

Onda de calor: wimbi la joto. Katika mazungumzo, siku mbili tatu za joto hutosha kuitwa hivyo. Wataalamu wa hali ya hewa wa Ureno wana kigezo kikali zaidi: angalau siku sita mfululizo ambazo kiwango cha juu cha joto kinazidi wastani wa kipindi hicho kwa digrii tano au zaidi. Idara ya hali ya hewa hutoa maonyo kwa rangi: amarelo (manjano), laranja (rangi ya machungwa) na vermelho (nyekundu).

Maneno ya madhara nayo yasichanganywe. Escaldão ni ngozi kuungua kwa jua. Insolação ni kuugua kutokana na kukaa juani muda mrefu. Golpe de calor, kwa neno moja moja pigo la joto, ni hali ya dharura ambapo mwili hushindwa kujipoza na mtu huweza kuchanganyikiwa au kuzirai. Wimbi la joto la mwaka wa 2003 lilihusishwa na vifo vya takriban watu elfu mbili nchini Ureno, wengi wao wazee. Ni dhahiri basi kwamba msamiati huu si pambo.

6.0 Misemo ya Kutia Chumvi

Joto likizidi, ukweli mtupu hautoshi. Msemaji hutia chumvi, na msikilizaji hapati shida kumwelewa. Ifuatayo ni baadhi ya misemo maarufu:

Está um calor de rachar. Kitenzi rachar ni kupasua, kama kuni zinavyopasuliwa. Cha kushangaza ni kwamba Wareno husema pia frio de rachar, baridi ya kupasua. Kinachosifiwa, kumbe, si joto wala baridi, bali ukali.

Está um forno. Ni tanuri. Husemwa pia está uma estufa. Estufa ni kibanda cha vioo cha kukuzia mimea inayopenda joto.

Está um calor de ananases. Joto la mananasi. Msemo huu wa Ureno una ladha ya zamani. Nanasi ni tunda la nchi za joto, na katika kisiwa cha São Miguel, Visiwa vya Azores, hukuzwa ndani ya vibanda hivyo vya vioo. Joto linaloweza kuivisha mananasi nje, chini ya anga ya Ureno, si la mchezo. Neno letu nanasi na ananás la Kireno ni ndugu, na asili yake ni lugha za wenyeji wa Amerika Kusini.

Estou a derreter. Nayeyuka. Hivyo ndivyo husemwa Ureno. Brazili husema estou derretendo. Tofauti hii ya kuunda hali ya kuendelea hupatikana katika vitenzi vyote.

Estou a morrer de calor. Nafa kwa joto. Kiswahili nacho husema "joto litaniua", lakini tazama: kwetu joto ndilo muuaji na limepewa nafasi ya kiima; kwao mtu ndiye anayekufa.

Suar em bica. Kutoka jasho kama maji ya mfereji. Bica ni bomba la chemchemi ambapo maji hutiririka. Sisi tungesema "amelowa jasho chepechepe" au "jasho linamtiririka".

Dá para fritar um ovo no asfalto. Unaweza kukaanga yai kwenye lami. Huu ni wa Brazili zaidi, na hauhitaji ufafanuzi.

Sol a pino. Jua lililosimama wima. Kiswahili kina "jua la utosini", na wenyeji wa Mombasa wana "jua la mtikati". Hapa Kiswahili kimeshinda kwa picha: Kireno hulitazama jua lilipo angani, Kiswahili hulihisi linapompata mtu.

Viambishi tamati pia hufanya kazi hii. Joto kubwa mno huitwa calorão Brazili na caloraça Ureno. Calorzinho ni kijoto cha kupendeza, kama kile cha asubuhi baada ya siku za baridi. Sisi nasi hupunguza jua likawa kijua kwa nia iyo hiyo. Tahadhari moja: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni huitwa caloiro nchini Ureno, lakini neno hilo halina uhusiano wowote na calor, hata kama siku yake ya kwanza chuoni ilimtoa jasho.

Hali kadhalika, tusidhani kila chenye joto kwetu kina joto kwao. "Mapokezi ya joto" kwa hakika huitwa recepção calorosa, na mjadala mkali huweza kuitwa debate acalorado. Lakini "sekta ya jua kali" hapa Kenya ikitafsiriwa sol quente, Mreno atadhani tunazungumzia utalii wa ufuoni. Kinachotakiwa ni kueleza kwamba ni biashara ndogondogo na kazi za mikono zisizo rasmi, kisha kueleza kwamba jina hilo limetokana na mafundi waliofanya kazi juani bila paa. Maana huja kwanza, picha hufuata.

7.0 Sesta na Saa Sita

Kusini mwa Ureno, hasa Alentejo, nyumba za kale hupakwa chokaa nyeupe na kuwa na madirisha madogo ili joto lisipate njia. Watu walizoea pia kujilaza baada ya chakula cha mchana, na mapumziko hayo huitwa sesta. Kiswahili kina neno kailula kwa usingizi huo wa mchana.

Asili ya sesta inapaswa kumfurahisha kila Mswahili. Neno hili limetokana na Kilatini sexta hora, yaani saa ya sita. Warumi wa kale walianza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza, kwa hiyo saa sita yao ilikuwa adhuhuri, kama ilivyo yetu hadi leo. Wareno waliuacha utaratibu huo, nao sasa huita adhuhuri meio-dia, nusu ya siku. Hata hivyo, kila wanapokwenda kupumzika mchana hutaja, pasipo kujua, saa sita ya Kiswahili.

8.0 Mazungumzo

Mazungumzo yafuatayo ni kati ya majirani wawili wa makamo katika mji wa Ureno:

— Bom dia, vizinha. Que calor!
— Nem me fale! Esta noite não preguei olho.
— E ainda são nove horas. Logo à tarde vai estar um forno.
— O que vale é que em casa está fresco.
— Beba muita água e não saia ao sol.
— O senhor também. Até logo.

Tafsiri yake ni kama ifuatavyo:

— Habari za asubuhi, jirani? Joto gani hili!
— Wacha tu! Usiku kucha sikupata lepe la usingizi.
— Na sasa ndiyo kwanza saa tatu. Alasiri kutakuwa tanuri.
— Afadhali nyumbani kuna ubaridi.
— Kunywa maji mengi, mama, wala usitoke juani.
— Nawe pia, mzee. Tutaonana baadaye.

Mambo manne yazingatiwe. Kwanza, não preguei olho kwa neno moja moja ni "sikupigilia jicho msumari"; tukiacha msumari na kuchukua "lepe", tumekuwa waaminifu zaidi. Pili, nove horas ni saa tatu, si saa tisa. Tatu, nem me fale ni "usiniambie hata kidogo", lakini haimnyamazishi mtu. Humkubalia na kumwalika aendelee, kama "wacha tu" yetu. Nne, heshima ya Kireno imo katika maumbo ya vitenzi fale, beba na saia na katika o senhor. Kwa rafiki wa rika moja ingekuwa nem me fales na bebe. Kiswahili hakina maumbo hayo ya kitenzi, kwa hiyo heshima imehamia katika maneno "mama" na "mzee". Anayeyaacha maneno hayo kwa kuwa hayamo katika sentensi za Kireno atakuwa amewafanya majirani wema waonekane watovu wa adabu.

9.0 Mazoezi

Tafsiri sentensi zifuatazo kwa Kireno, kisha ulinganishe na majibu.

1. Leo kuna fukuto.
2. Nasikia joto.
3. Chai hii ni moto.
4. Mtoto ana joto.
5. Jana kulikuwa na digrii arubaini kivulini.

Majibu: 1. Hoje está abafado. 2. Estou com calor. 3. Este chá está quente. 4. O menino está quente. 5. Ontem estiveram quarenta graus à sombra. Ukikosea la pili au la nne, rejelea sehemu ya nne kabla ya kuendelea.

10.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba katika Kireno joto hukaa hewani bila mwenyewe, au hukaa pamoja na mtu anayelihisi, au hukaa ndani ya kitu kinachogusika. Kiswahili nacho hulipa joto mahali, hulisikia, au humilikisha nalo mwili ulio moto. Tumeona kwamba hatari kubwa haiko pale lugha mbili zinapoachana waziwazi, kwa maana hapo mfasiri hushtuka na kujihadhari. Iko pale zinapofanana kama está com calor na "ana joto", kwa kuwa ufanano huo humtia mfasiri usingizi.

Ni pendekezo la makala hii kwamba wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vyetu wanaojiandaa kwa ukalimani wasianze na hotuba za marais wala mikataba ya biashara. Waanze na mambo haya madogo: joto, baridi, njaa na maumivu. Hotuba ikitafsiriwa vibaya, itasahihishwa katika kumbukumbu za mkutano. Maneno ya mama aliyeshika paji la uso la mwanawe hayana kumbukumbu ya kusahihishwa. Yanatakiwa yafike sawasawa mara ya kwanza.